Wenye malori na hasara ya kufungua hedi kwa kubahatisha

KATIKA gereji yoyote ya malori, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au pembeni mwa barabara kuu pale Mafinga, neno linalomfariji zaidi mwenye gari lililochemsha ni lile la fundi kwamba tatizo ni gasketi tu. Neno hilo lina maana kuwa injini haijafa, gari litarudi barabarani baada ya siku tatu, na fedha inayotakiwa ni ile ambayo mtu anaweza kuipata kwa kukopa kwa jirani au kuuza mzigo uliobaki stoo.

Ni neno hilo hilo linalokula mitaji ya wafanyabiashara wadogo taratibu, bila wao kutambua. Gasketi ya kwanza hufuatiwa na ya pili, ya pili na ya tatu, na mwisho wa mwaka mwenye gari hulalamikia dizeli, mizani na ushuru, wakati fedha yake nyingi imebaki kwenye sakafu ya gereji.

Kufungua sehemu ya juu ya injini ya lori kubwa ni uamuzi wa mtaji, sawa na kununua kiwanja au hisa. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu anayenunua kiwanja bila kupima mipaka. Hata hivyo, wengi hununua matengenezo ya hedi bila kipimo hata kimoja kuchukuliwa.

Kwa wasiozoea mambo ya gereji, "juu" ya injini ni hedi pamoja na valvu zake, viti vya valvu, nozeli, gasketi na bolti zinazoikandamiza hedi kwenye bloku. Chini yake ndipo zilipo pistoni, ringi, laina na fitokombo. Mpangilio wa hedi hutofautiana. Scania yenye injini ya lita 12, zile za 124 ambazo zilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1990, ina hedi sita, kila silinda na yake. Howo zenye injini ya WD615 nazo zina hedi sita. Cummins ya NT855 ina hedi tatu, kila moja ikifunika silinda mbili. Caterpillar 3406 ina hedi moja ndefu kwa silinda zote sita.

Tofauti hiyo ina maana kubwa mfukoni. Mwenye Caterpillar hana la kuchagua, kwa kuwa hedi ikishuka, imeshuka yote. Mwenye Scania au Howo huambiwa kuwa ashushe ile moja iliyoharibika na kuziacha tano zilizobaki. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi iwapo valvu moja imeungua au nozeli moja imeharibu kiti chake. Lakini iwapo injini nzima imechemsha, hedi zote sita zimepita katika joto lile lile, na kuifungua moja ni sawa na kutibu mtoto mmoja wa nyumba iliyokunywa maji ya kisima kimoja.

Ukubwa wa kazi ya gasketi hauonekani kwa macho. Silinda ya Scania iliyotajwa ina kipenyo cha milimita 127. Mlipuko ukifikisha shinikizo la bar 100, na injini zenye tabo hupita hapo, nguvu inayosukuma hedi ijitoe kwenye bloku ni karibu tani 13 kwa kila silinda. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kila silinda hulipua mara 750 katika dakika hiyo. Kinachozuia ni bolti na kipande chembamba cha gasketi. Mtu anayekaza bolti hizo kwa bomba refu na kusikiliza mkono wake anacheza kamari kwa fedha ya mwingine.

Chukulia mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga mwenye Scania moja. Hushuka na mbao kwenda Dar es Salaam na kurudi na saruji au bidhaa za dukani. Safari ya kurudi humpitisha Ruaha Mbuyuni, katika bonde lenye joto kali na mibuyu, na baada ya hapo hukutana na mlima Kitonga. Gari lililojaa, ambalo kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 linaweza kufikia uzito wa tani 56 kwa magari ya ekseli nyingi, hupanda mlima huo kwa gia ndogo, mwendo wa mtu anayekimbia, huku upepo unaopita kwenye rejeta ukiwa mdogo na moto ndani ya silinda ukiwa mwingi. Rejeta iliyoziba, feni iliyolegea au mfuniko usioshika shinikizo vinaweza kuvumiliwa Chalinze mpaka Morogoro. Kitonga havivumiliwi.

Mlima huo huo huharibu hedi kwa njia nyingine wakati wa kushuka. Dereva anayeweka nyutro ili kuokoa lita chache za dizeli, kisha akagutuka na kulazimisha gia ndogo, huifanya injini izungushwe na mzigo kupita kiwango chake. Pampu ya dizeli haina uwezo wa kuzuia hilo kwa sababu anayesukuma wakati huo ni mzigo wenyewe. Springi za valvu hushindwa kuzirudisha kwa wakati, pistoni hukutana nazo, na valvu hupinda. Huko gereji habari hufika kama "gari limepoteza nguvu ghafla", na mwenye mali haambiwi kuhusu nyutro.

Sasa gari limevutwa hadi Iringa au Mafinga. Maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja, rejeta inatoa mapovu injini ikiwaka, na moshi ni mweupe. Fundi anashusha hedi, anakwangua gasketi ya zamani, anapitisha msasa, anaweka gasketi mpya na kufunga. Gari linawaka na mteja analipa. Hakuna aliyejiuliza gasketi ilikufa kwa nini.

Lawama si za fundi peke yake. Fundi hulipwa kwa kazi, halipwi kwa kilomita ambazo gari litatembea baada ya kazi. Dereva naye hulipwa kwa safari, hivyo mshale wa joto ukipanda nusu ya mlima, hesabu yake ni kumaliza mlima. Wote wawili wanafuata malipo yao. Anayebeba hasara ni mwenye gari, naye ndiye ambaye mara nyingi hayupo hedi inaposhushwa.

Vipimo vinavyotakiwa havihitaji maabara. Cha kwanza ni unyoofu wa uso wa hedi, kwa rula ya chuma iliyonyooka na vipimo vyembamba vya kupenyeza chini yake. Hedi iliyochemsha hupinda, na iliyopinda haikandamizi gasketi sawasawa. Cha pili ni kuijaribu hedi kwa shinikizo, kwa kuziba njia zake za maji, kuingiza upepo na kuizamisha katika maji ya moto ili ufa utoe mapovu. Ufa mwingi huanzia kati ya kiti cha valvu na kiti kingine, au kuelekea tundu la nozeli, na ukiwa baridi hauonekani. Cha tatu ni valvu zenyewe na gaidi zake, kwa sababu gaidi zilizolegea hupitisha oili na gari huanza kutoa moshi wa bluu hata kama gasketi ni mpya.

Kipimo cha nne ndicho kinachorukwa kuliko vyote, nacho ndicho chenye fedha. Injini kama Scania hiyo, Cummins NT855 na Caterpillar 3406 zina laina zinazoguswa na maji kwa nje. Laina hizo hazilingani na uso wa bloku, kwani hutakiwa kujitokeza juu kidogo ili gasketi ibanwe zaidi pale kwenye moto. Kujitokeza huko hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na kila mtengenezaji ameandika kiwango chake kitabuni. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa karibu sehemu kumi za mia. Laina ikizama kiasi cha unene wa karatasi moja, hakuna gasketi itakayodumu juu yake, hata iwe halisi ya kiwandani na hata bolti zikazwe na malaika.

Kifaa cha kupimia ni saa ndogo yenye mshale inayokaa juu ya bloku. Kazi yenyewe kwa laina sita haichukui hata nusu saa. Lakini gereji nyingi za barabarani hazina saa hiyo, na mwenye gari hajawahi kuidai.

Kuna pia suala la maji. Maji matupu ya mtoni au bombani, yasiyochanganywa dawa ya kupozea injini, hutu-kutu chuma na kuacha magamba yanayozuia joto kutoka. Zaidi ya hapo, laina hutetemeka kwa kila mlipuko, na mtetemo huo huzalisha vipovu vidogo upande wa maji ambavyo hupasuka na kudonoa chuma. Laina hutobolewa kutoka nje hadi maji yakaingia ndani ya silinda au kwenye oili. Dawa ya kupozea ndiyo inayoilinda. Mfanyabiashara anayebana fedha ya dawa hiyo halafu akalipia hedi hajabana kitu.

Jambo jingine ni thamostati. Mafundi wengi wakiona injini imechemsha huitoa na kuitupa, wakiamini maji yatapita kwa uhuru zaidi. Kwa injini nyingi za malori matokeo huwa kinyume. Thamostati ikifunguka kwa joto huziba pia njia ya mkato ambayo hurudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupozwa, na injini huchemsha zaidi pale inapobeba mzigo mlimani. Katika tambarare hupoa mno, dizeli haiungui vizuri na silinda huchakaa. Wapo wanaomaliza mwaka mzima wakibadili gasketi wakati tatizo ni kifaa kidogo kilichotupwa kwenye dampo la gereji.

Sasa hesabu, kwa kuwa huu ni ukurasa wa biashara. Tarakimu zifuatazo ni za mfano na kila mtu aweke za kwake. Lori la yule mfanyabiashara wa Mafinga likimwachia Sh. 600,000 kwa safari ya kwenda na kurudi baada ya dizeli, posho na ushuru, na likifanya safari mbili kwa wiki, basi wiki moja ya kusimama ni Sh. 1,200,000. Njia ya mkato ya kubadili gasketi na kulipa fundi iwe Sh. 1,500,000. Gari la kuvuta kutoka Kitonga liwe Sh. 800,000. Likisimama wiki moja, kila tukio la "gasketi tu" ni Sh. 3,500,000.

Kazi kamili, yaani kushusha hedi zote sita, kuzijaribu, kuchonga zinazohitaji, valvu, viti na gaidi, gasketi nzuri, bolti mpya, thamostati, kuosha rejeta na dawa ya kupozea, iwe Sh. 5,000,000 na isimamishe gari wiki mbili. Ukijumlisha gari la kuvuta na safari zilizopotea, jumla ni Sh. 8,200,000.

Ni haki kusema ukweli kuhusu hesabu hiyo. Njia ya mkato mara mbili ni Sh. 7,000,000, bado chini ya kazi kamili. Ndiyo maana watu werevu kabisa huichagua. Ni mara ya tatu, inapofika Sh. 10,500,000, ndipo mizani inapoinama, na kwa kawaida mara ya tatu hedi imeshapata ufa, hivyo ile kazi kamili iliyokwepwa inakuja juu ya fedha iliyokwisha kutumika. Kibaya zaidi, mwenye gari wakati huo hushikilia kuwa hedi haiwezi kuwa mbovu kwa sababu ameiwekea gasketi mpya mara mbili. Fedha iliyokwisha kulipwa humfunga mtu asione ile anayoendelea kulipa.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya makampuni makubwa yenye karakana na mainjinia, na kwamba mtu mwenye lori moja lenye marejesho ya mkopo kila mwezi hana milioni tano za kuweka mezani. Hoja hiyo ina uzito. Siku gari linapolala Kitonga, mwenye Sh. 1,500,000 hawezi kununua kazi ya Sh. 5,000,000 hata akishawishiwa namna gani, na benki au SACCOS haisimamishi marejesho kwa sababu ya gasketi.

Lakini udhaifu huo unatokana na jinsi faida inavyohesabiwa. Mafinga hadi Dar es Salaam, kwenda na kurudi, ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa safari 100 kwa mwaka, lori hilo hupita kilomita 110,000. Likitengewa Sh. 50 kwa kila kilomita, ni Sh. 55,000 kwa safari na Sh. 5,500,000 kwa mwaka. Kazi kamili ya hedi imepatikana na chenji imebaki. Tatizo ni kwamba ile Sh. 600,000 ya safari huhesabiwa yote kuwa faida, huingia katika mbao nyingine, ada za shule na harusi za ndugu, wakati Sh. 55,000 kati yake haikuwa faida tangu mwanzo. Ilikuwa ni hedi inayoliwa kidogo kidogo.

Wenye hesabu rasmi hujidanganya kwa njia nyingine. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu uchakavu wa asilimia 25 kwa malori makubwa, na mhasibu huuandika kila mwaka. Uchakavu huo hupunguza kodi, hauweki shilingi hata moja kwenye kopo la matengenezo. Aidha, gharama za matengenezo hukubalika katika kukokotoa kodi iwapo zina ushahidi. Anayenunua hedi kwa bei ya chee bila risiti ya EFD ajue kuwa sehemu ya unafuu huo atailipa kwa mamlaka ya mapato.

Kuhusu hedi za mtumba zinazotolewa kwenye malori yaliyokatwakatwa, si busara kuzikataa zote. Nyingine ni nzima kuliko mpya za bei ya chini. Cha muhimu ni masharti ya ununuzi. Muuzaji akubali hedi ijaribiwe kwa shinikizo kabla fedha haijakabidhiwa, na unene wake upimwe, kwa kuwa hedi iliyochongwa mara nyingi huwa nyembamba na valvu zake husogea karibu na pistoni. Muuzaji asiyekubali jaribio amekwisha jibu swali.

Upo wakati ambapo kutengeneza juu peke yake, hata kwa ukamilifu wote, ni kutupa fedha. Kabla hedi haijashushwa, injini iwashwe na mfuniko wa kujazia oili ufunguliwe. Pumzi nzito yenye moshi ikitoka kwa nguvu, moto unapita kwenye ringi na laina kwenda chini. Hedi nzuri haiwezi kurudisha nguvu inayopotelea huko, na oili itaendelea kuliwa. Hapo uamuzi ni kati ya kufungua injini nzima, kununua nyingine, au kuuza gari lilivyo. Na kwa anayetaka kuuza gari ndani ya miezi mitatu, hesabu iliyoonyeshwa hapo juu inampa haki ya kubadili gasketi tu, mradi amweleze mnunuzi kilichofanyika.

Kwa wengine wote, mabadiliko yanayohitajika ni madogo na hayasubiri serikali. Dereva anayesimama mguuni mwa Kitonga kupoza injini asikatwe posho kwa kuchelewa. Malipo ya fundi yagawanywe, sehemu moja siku gari linapowaka na nyingine baada ya kilomita 5,000, bolti zikiwa zimekaguliwa kama kitabu cha injini kinavyoelekeza na valvu zimepangwa upya. Fundi mzuri hatakataa, ingawa ataongeza bei kidogo, na nyongeza hiyo ni halali yake.

Siku hedi inaposhushwa, mwenye gari awepo. Asidai kufundisha kazi; adai karatasi. Iandikwe urefu wa kila laina juu ya bloku, moja hadi sita, unyoofu na unene wa kila hedi, na jina la karakana iliyofanya jaribio la shinikizo. Karatasi hiyo ikae katika faili la gari pamoja na bima na leseni ya LATRA, ili safari nyingine fundi mwingine atakaposema ni gasketi tu, kuwe na tarakimu za kulinganisha.